Jibu Lifike Bomani Kabla Mbuzi Hawajaisha

Hotuba kwa wafugaji, maafisa mifugo na wanafunzi wa tiba ya wanyama, Longido

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, waheshimiwa madiwani, wazee wetu malaigwanani, viongozi wetu wa mila, akina mama mnaojua hali ya kila mbuzi kabla jua halijatoka, maafisa mifugo wenzangu wa kata, vijana wetu wa vyuo. Wazee, shikamooni. Wengine wote, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie nanoteknolojia na magonjwa ya kuambukiza ya mifugo. Neno hilo kubwa nitalifikia. Naanza na hesabu ya siku, kwa sababu ugonjwa huu wa sotoka ya mbuzi na kondoo unatushinda kwa siku.

Mbuzi akishaambukizwa sotoka, kwa kawaida siku tatu hadi sita bado anaonekana mzima. Anakula, anakunywa, anatembea na wenzake. Kisha homa inapanda ghafla. Anajitenga, manyoya yanasimama, hataki majani. Macho yanaanza kutoa machozi, pua inatoa makamasi mepesi ambayo baada ya siku moja mbili yanakuwa mazito, yanaganda, hadi mnyama anapumua kwa shida. Fizi na midomo vinachubuka na kunuka. Anaharisha, anakohoa. Wengi wanaokufa hufa ndani ya siku 5 hadi 10 tangu homa ilipoanza, na katika kundi ambalo halijawahi kuugua wala kuchanjwa, vifo vinaweza kufika mbuzi 90 katika kila 100. Akina mama waliokaa mbele hapa wanatikisa kichwa. Hawahitaji kuelezwa na mimi.

Sasa hesabuni siku za sampuli. Mfugaji anangoja kwanza aone kama mnyama atapona, na ana haki ya kungoja, maana si kila kikohozi ni sotoka. Halafu anampigia afisa mifugo wa kata. Afisa ana vijiji kadhaa, ana pikipiki, na pikipiki inahitaji mafuta. Akifika, anachukua sampuli, na sampuli inahitaji barafu. Kutoka hapa hadi Arusha ni kama kilomita 80. Kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kiko Arusha, na vipimo vingine vinahitaji kuthibitishwa Maabara Kuu, Temeke, Dar es Salaam. Nawaheshimu sana wataalamu wa maabara hizo. Kipimo chenyewe wakikishika mkononi ni kazi ya saa chache. Siku zetu zinaliwa na barabara, barafu, mafuta na kusubiri. Jibu likitoka wiki ya pili, linakuta ngozi zimeshaanikwa.

Kwa hiyo leo nina hoja moja: jibu la kwanza litoke bomani, siku hiyo hiyo, mnyama akiwa bado amesimama. Vifaa vya kufanya hivyo vipo. Tunachokosa ni kuvifikisha kwenye mkono unaostahili, na kumwondolea hofu mtu anayetakiwa kupiga simu ya kwanza.

Kifaa chenyewe wengi wenu mmeshakiona. Mtoto akipata homa, mkimpeleka zahanati, mhudumu anamtoboa kidole, anaweka tone la damu kwenye kile kijipande cheupe cha plastiki, anaongeza matone ya dawa, mnasubiri. Mstari mmoja, hana malaria. Mistari miwili, anayo. Kina mama wanaopima ujauzito wanakijua kijipande cha aina hiyo. Wakati wa Korona dunia nzima ilikijua. Ile mistari unayoiona, mara nyingi, ni dhahabu.

Nasema dhahabu kweli, ile ya Geita, ila imegawanywa vipande vidogo kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona wala darubini ya kawaida ya shule. Tunavipima kwa nanomita. Nanomita moja ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni moja. Chembe moja ya dhahabu kwenye kipimo kama hiki ina upana wa nanomita 40 hivi, na ukizipanga chembe hizo bega kwa bega utahitaji kama 2,000 kufikia unene wa unywele mmoja. Kutengeneza na kutumia vitu vya kipimo hicho ndiyo nanoteknolojia.

Kwa nini tuhangaike kuifanya dhahabu ndogo hivyo? Kwa sababu ikiwa ndogo hivyo haibaki ya njano. Mwanga ukiipiga, elektroni za juu yake zinacheza kwa pamoja na kumeza mwanga wa kijani, na kinachobaki kufika machoni petu ni wekundu, mwekundu wa zabibu. Mwingereza Michael Faraday aliuchunguza wekundu huo mwaka 1857, na baadhi ya chupa zake za dhahabu zimehifadhiwa Royal Institution kule London, bado nyekundu hadi leo. Hilo kwangu lina maana kubwa kuliko historia. Rangi ambayo haijapauka kwa zaidi ya miaka 160 ni rangi ninayoweza kuiamini ndani ya mkoba wa afisa mifugo, juu ya pikipiki, kwenye jua la Longido. Haihitaji umeme ili ionekane, wala taa maalumu au mashine. Inahitaji jicho.

Dhahabu peke yake haijui ugonjwa. Inafundishwa. Juu ya kila chembe tunabandika kingamwili, yaani protini zile zile ambazo mwili wa mnyama hutengeneza kupambana na maradhi, lakini zilizochaguliwa ziwe zinashika kitu kimoja tu, protini ya virusi vya sotoka. Kingamwili hiyo inavitambua virusi vyake kama wewe unavyomtambua ng'ombe wako kwa alama ya sikio hata akiwa katikati ya makundi ya watu wengine mnadani. Na kwenye karatasi ya kipimo, mahali mstari unapotakiwa kutokea, tumepanga kingamwili nyingine zikisubiri bila kuonekana. Majimaji ya mnyama yakipita yanabeba chembe za dhahabu. Kama virusi vimo, vinashikwa na dhahabu upande mmoja na karatasi upande wa pili, dhahabu inakwama pale, maelfu kwa maelfu, na wekundu unajikusanya hadi unaonekana. Kama virusi havimo, dhahabu inapita moja kwa moja. Mbele zaidi kuna mstari wa pili ambao lazima utokee kila mara, kuonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi. Mstari huo usipotokea, tupa kipimo hicho na uchukue kingine. Usikisome kabisa.

Maafisa mifugo, hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu kipimo kizuri kikichukuliwa sampuli vibaya kinadanganya.

Ukifika bomani, mwenye boma atakuletea mbuzi aliye taabani kuliko wote. Ni kawaida, ndiye anayemtia uchungu. Mwangalie, lakini usimtegemee yeye peke yake. Mbuzi aliyeugua siku nyingi huenda virusi vimeshapungua machoni na puani mwake, kwa sababu mwili wake umeanza kuvipiga. Muulize mama wa boma: nani ameacha kula jana? Nani amejitenga leo asubuhi? Huyo mwenye homa mpya na machozi mepesi ndiye wako. Pima joto. Chukua kijiti chenye pamba, vuta chini kope la chini, pitisha pamba taratibu ndani ya kope mpaka ilowe. Usikwangue tongotongo zilizokauka. Ichovye pamba kwenye chupa ndogo ya majimaji ya kipimo, izungushe, ikamue ukutani mwa chupa. Weka matone kwenye kitundu cha kipimo. Kiweke mahali palipo sawa, kivulini, na uangalie saa. Jibu linasomwa kati ya dakika 10 na 20, kwa kufuata karatasi ya maelekezo ya kipimo ulichopewa. Ukikiacha hadi jioni ukarudi kukisoma, mstari hafifu utakaouona hauna thamani. Kisha rudia kwa mbuzi mwingine mgonjwa, na mwingine. Watatu hadi watano wenye dalili mpya wanakupa picha ya boma. Mmoja hakupi.

Mstari wa virusi ukitokea kwa mbuzi wenye dalili hizo, una sababu nzuri ya kuamini kwamba sotoka imeingia. Usipotokea, usimwambie mtu kwamba hakuna sotoka. Kipimo hiki hakina ukali wa kipimo cha vinasaba cha maabara. Kinahitaji virusi vingi kidogo ndipo kionyeshe. Dalili zikiwepo na kipimo kikikataa, sampuli bado inapanda gari kwenda Arusha. Kikikubali pia, sampuli inakwenda, kwa uthibitisho. Na kijipande ulichokitumia usikitupe mtaroni. Kwa ugonjwa wa miguu na midomo, watafiti wameonyesha kwamba vinasaba vya virusi vinaweza kutolewa kwenye kijipande kilichokwisha tumika na kusomwa maabara, kwa hiyo kijipande kikavu ndani ya bahasha kinaweza kuwa sampuli isiyodai barafu. Vingine vyote, pamba, glovu, vichomwe.

Mzee mmoja aliniuliza kabla sijapanda jukwaani: mbuzi wangu wamechanjwa, kipimo hakitasema wanaumwa? Swali zuri sana, nalijibu mbele ya wote. Kuna vipimo vinavyotafuta kingamwili kwenye damu, na hivyo mbuzi aliyechanjwa na aliyepona vinawaona sawa. Hiki tunachokizungumzia kinatafuta virusi vyenyewe kwenye machozi. Mbuzi aliyechanjwa akawa mzima hana cha kuonyesha. Kwa hiyo chanjeni. Tangu mwaka 2025 nchi yetu ina kampeni kubwa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, mbuzi na kondoo wakichanjwa dhidi ya sotoka, ng'ombe dhidi ya homa ya mapafu, kuku dhidi ya kideri. Chanjo moja ya sotoka inamkinga mbuzi kwa miaka isiyopungua mitatu, na virusi vya sotoka, ingawa vina koo nne, vinazuiwa na chanjo hiyo hiyo moja. Sote tungependa kila ugonjwa uwe hivyo. Ugonjwa wa miguu na midomo una aina saba zisizokingiana, na hapa Afrika Mashariki zinazunguka kadhaa, ndiyo maana kipimo cha kuutafuta kilichotengenezwa Ulaya lazima kwanza kijaribiwe kwa virusi vya kwetu kabla hatujakiamini.

Wazee wangu, nyinyi mmebeba kumbukumbu ambayo vijana hawana. Sotoka ya ng'ombe iliingia Pembe ya Afrika mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa na Waitaliano bandarini Massawa. Ilishuka huku kwetu, na kufikia mwaka 1897 ilikuwa imefika ncha ya kusini ya bara. Ilifagia sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe wa Umaasai, njaa na ndui vikafuata, na babu zenu wakakiita kipindi hicho Emutai. Ugonjwa huo leo haupo duniani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani walitangaza kwamba umetokomezwa. Ni ugonjwa wa pili tu katika historia ya binadamu kutokomezwa, baada ya ndui.

Nataka mjue ulikwishaje. Chanjo ilikuwepo tangu zamani. Walter Plowright na wenzake waliitengeneza Muguga, Kenya, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Dunia ya Chakula mwaka 1999. Ilipopatikana chanjo inayovumilia joto, vijana wa jamii za wafugaji, wengine hawajui kusoma, waliibeba kwa miguu Karamoja kule Uganda, Afar kule Ethiopia, na Sudan Kusini, kwenye maboma ambayo gari la serikali halifiki. Chanjo ilifanya kazi yake. Kilichokuwa kigumu mwishoni ni kuona. Katika eneo la Wasomali, linaloingia Kenya, kulikuwa na sotoka dhaifu ambayo haikuua ng'ombe wengi. Ng'ombe anatoa machozi siku chache, anapona, hakuna anayeshtuka. Virusi vikaendelea kuzunguka kimyakimya, hadi kwa nyati. Mara ya mwisho sotoka ya ng'ombe kuonekana duniani ilikuwa kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Pirbright, Uingereza, walikuwa wametengeneza kijipande cha kupima machozi ya ng'ombe zizini, ndugu wa hiki ninachokiongelea leo, na baadaye kituo hicho hicho kikafanya kazi kama hiyo kwa sotoka ya mbuzi na kondoo.

Dunia imejiwekea lengo la kuitokomeza sotoka ya mbuzi na kondoo ifikapo 2030. Nasema wazi kwamba muda ni mfupi, na mbuzi ni wagumu kuliko ng'ombe. Wanazaana haraka, wanauzwa haraka, hakuna anayewahesabu kama ng'ombe, na mtu akihitaji ada ya shule anampakia mbuzi kwenye basi. Angalieni ugonjwa huu ulivyosafiri. Kenya iliuthibitisha Turkana mwaka 2006. Sisi tuliuthibitisha Ngorongoro mwaka 2008. Haukupita muda mrefu ukawa Tandahimba, Mtwara, na walioufuatilia walikuta kwamba mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam, ndio walioupeleka huko, kilomita mia kadhaa. Mbuzi wale walipopakiwa huenda walionekana wazima kabisa. Ziko zile siku tatu hadi sita nilizotaja mwanzo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wataalamu wenzangu hawapendi kulisema hadharani. Mfugaji anaficha ugonjwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na ni kweli, lakini tumuulize kwa nini anaficha. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka atoe taarifa. Anajua. Anajua pia kwamba akitoa taarifa, mnada unafungwa. Unafungwa kwa wote, kwa wiki na wiki, huku majibu yakisubiriwa. Jirani ambaye mbuzi wake ni wazima anashindwa kuuza, na anamjua aliyepiga simu. Msimu wa ada ukikuta mnada umefungwa, mtoto anabaki nyumbani. Mtu wa namna hiyo ukimwambia toa taarifa kwa faida ya taifa, unamtaka abebe peke yake gharama ya kutulinda sisi sote.

Kipimo cha bomani kinaweza kubadilisha hesabu hiyo, na ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya mimi kusimama hapa. Tukipata dalili ya kuaminika siku ile ile, tunaweza kuzuia boma lile na majirani zake wa malisho na kisima, tukachanja kuwazunguka, badala ya kufunga wilaya nzima kwa sababu hatujui ugonjwa uko wapi. Tunafunga eneo kubwa pale tunapokosa uhakika. Hata nchi tajiri haikuepuka hilo. Uingereza, mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipita kwenye minada ya kondoo kabla haujatambuliwa, na kabla haujazimwa walikuwa wamechinja wanyama zaidi ya milioni 6, wengi wao wakiwa wazima, wakiwemo waliochinjwa kwa sababu tu walikuwa karibu na wagonjwa.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ombi langu kwako liko hapa. Kijipande kikionyesha mistari miwili, kinachofuata kijulikane mapema na kila mtu: boma linasimamisha kuhamisha wanyama siku hiyo, chanjo inafika ndani ya muda uliotajwa, uthibitisho wa maabara unafuatiliwa na mtu anayejulikana kwa jina, na masharti yanaondolewa kwa tarehe iliyotajwa. Yaandikwe, yabandikwe ofisi za vijiji, yasomwe mnadani kwa Kiswahili na Kimaasai. Mfugaji anayejua karantini itaisha lini atapiga simu. Asiyejua atauza usiku.

Na tuongee na wenzetu wa Kajiado, ng'ambo ya Namanga. Malisho ni yale yale, koo ni zile zile, mbuzi hawana pasipoti. Afisa wa upande huu akipata mistari miwili, mwenzake wa upande ule ajue kabla ya jioni.

Jambo jingine ambalo vipimo vitatusaidia ni dawa. Zamani kila mtoto mwenye homa alipewa dawa ya malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema pima kwanza, na vijipande hivi vya dhahabu ndivyo vilivyowezesha jambo hilo vijijini. Kwa mifugo bado tuko kule kwa zamani. Mbuzi akikohoa, sindano ya oksitetrasaiklini, ile dawa ya bakteria. Akiharisha, sindano. Ng'ombe akivimba tezi, sindano. Oksitetrasaiklini haiui virusi vya sotoka. Homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo kwa macho inafanana nayo kwa kukohoa na makamasi, hiyo inasababishwa na bakteria na dawa inaweza kuisaidia. Tofauti ya hayo mawili ni fedha mfukoni mwako, ni maziwa yenye mabaki ya dawa anayokunywa mtoto wako, na ni usugu wa vimelea ambao kesho utaifanya dawa hiyo isimtibu hata mgonjwa aliyepaswa kupona. Najua sindano inapigwa kwa sababu ndiyo kitu pekee kilichopo dukani siku ile. Kipimo kikiwepo pembeni yake, mtu atakuwa na jambo la kufanya kwanza.

Niseme machache juu ya yanayokuja, maana vijana wataniuliza. Ziko chembe nyingine zaidi ya dhahabu. Ziko chembe za oksidi ya chuma ambazo zinavutwa na sumaku. Unazichanganya kwenye maziwa au damu, zinashika kimelea, unaweka sumaku pembeni ya chupa na kukusanya kilichotawanyika, na kipimo kinapata nguvu. Ziko zile nukta za kwanta, zinazong'aa rangi kali zikimulikwa, ambazo wagunduzi wake walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023. Wako watafiti waliotumia chembe za dhahabu kuchunguza pumzi ya ng'ombe wakitafuta kifua kikuu. Kazi hizo nyingi bado ziko maabara. Atakuja mfanyabiashara na boksi lenye neno nano, atawaambia linapima magonjwa kumi kwa tone moja. Mwambieni aonyeshe limepimwa wapi, kwa wanyama wa nchi gani, na nani hapa nchini amelihakiki. Asipokuwa na jibu, msinunue, hata kama ni rahisi.

Vijana wa vyuo, nyinyi nina deni nanyi la maneno ya kweli. Kutengeneza chembe za dhahabu si muujiza. Unachemsha maji yenye chumvi ya dhahabu, yana njano hafifu. Unaongeza sodiamu sitreti. Ndani ya dakika chache yanapoteza rangi, yanageuka kijivu cheusi, halafu yanakuwa mekundu kabisa mbele ya macho yako. Njia hiyo inajulikana tangu 1951 na inahitaji jiko la maabara na vyombo safi, safi kweli kweli. Dhahabu inayoingia kwenye kijipande kimoja ni kidogo mno, haifikii kuwa gharama. Kazi ngumu ni kingamwili nzuri, ni kuifanya isiharibike kwenye joto, ni kuhakikisha kijipande cha elfu kumi kinasoma sawa na cha kwanza. Hilo linahitaji watu wenye subira na maabara inayolipwa vizuri. Uwezo upo. Hapo Arusha, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, Dkt. Askwar Hilonga alitengeneza kichujio cha maji kwa nanoteknolojia, na mwaka 2015 akashinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Chanjo za mifugo tunatengeneza Kibaha. Chuo Kikuu cha Sokoine wanafundisha madaktari wa mifugo kila mwaka. Nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30 haiwezi kuendelea kusubiri vijipande vya kupimia ng'ombe hao viletwe kwa ndege, mradi ukiisha na vipimo vimeisha.

Kwa waheshimiwa madiwani, bajeti ya halmashauri inakuja. Naomba kwenye fungu la mifugo pawepo mstari wa vipimo, sambamba na chanjo na ukarabati wa majosho, na pawepo mafuta ya pikipiki, kwa sababu kipimo kilichofungiwa ofisi ya kata hakina faida. Naomba pia wahudumu wa afya ya mifugo wa jamii, vijana wenu wenyewe ndani ya vitongoji, wafundishwe kuchukua sampuli na kusoma mstari chini ya usimamizi wa afisa wa kata. Wale wa Karamoja waliweza kubeba chanjo iliyoimaliza sotoka ya ng'ombe. Hawa wa Longido watabeba bahasha na vijiti vya pamba.

Onyo moja kabla sijashuka, kwa sababu mvua zikizidi nitashindwa kulala nisipolisema. Kipimo cha machozi ya mbuzi kisimfanye mtu ajasiri kwa kila ugonjwa. Mkiona mbuzi na kondoo wengi wanatupa mimba kwa wakati mmoja baada ya mvua kubwa na mbu wengi, hiyo inaweza kuwa homa ya Bonde la Ufa, ile iliyotambuliwa kando ya Ziwa Naivasha mwaka 1931 na ikarudi kutuumiza 2006 na 2007. Inaua watu. Msishike kondo la nyuma kwa mikono mitupu, msichinje mgonjwa, chemsheni maziwa, pigeni simu. Na mnyama aliyekufa ghafla akitoka damu puani na njia ya haja, msimpasue kwa ajili ya kuchukua sampuli wala nyama. Hicho kinaweza kuwa kimeta. Aachwe bila kupasuliwa, mbwa wazuiwe wasimfikie, aitwe mtaalamu.

Pale chini ya mgunga kuna meza, na kuna mbuzi watatu wazima tulioazimwa na mzee wa boma la jirani. Tutawapima machozi mbele yenu, na tunategemea mstari mmoja tu kwa kila mmoja. Akina mama waanze, wavute kope na kuchukua sampuli wenyewe. Maafisa wa kata, njooni na daftari la maboma yaliyochanjwa, ili tukimaliza tujue vipimo vya kwanza viende kata ipi. Asanteni sana.